Ukungu juu ya salio lako: unaficha nini, na nini hauwezi kuficha

Leo tunaongea kuhusu kitu ambacho umekitazama mara nyingi bila kukifikiria: ule ukungu ndani ya apu yetu.

Ukibonyeza alama ya jicho kando ya salio, tarakimu hujitokeza kana kwamba mtu amepangusa mvuke kwenye kioo cha bafu. Ukibonyeza tena, zinapotea. Ukianza kutuma pesa, ukurasa wote wa nyuma hugeuka ukungu, kinabaki kisanduku kimoja tu mbele yako chenye jina la mpokeaji, kiasi na ada. Na ukitoka kidogo kwenda kujibu ujumbe wa WhatsApp, kisha ukaangalia orodha ya apu ulizoacha wazi, yetu inaonekana kama karatasi tupu yenye nembo katikati.

Kwa macho, mambo haya matatu ni ndugu. Kikazi, kila moja lina shughuli yake. Shida inaanza pale mteja anapoona ukungu huo akaamini kwamba chochote kilichofunikwa na ukungu kiko salama, akachukua picha ya risiti, akapitisha brashi ya simu juu ya nambari, halafu akaituma kwenye grupu la watu mia mbili. Huyo ndiye tunamwandikia zaidi leo. Ukungu ni pazia. Pazia lina kazi yake, lakini hakuna anayelala mlango wazi eti kwa sababu dirishani kuna pazia.

Ukungu na uwazi ni vitu viwili

Tuanze na hesabu kidogo, usikimbie. Skrini ya simu ni vitone vidogo sana vya rangi viitwavyo pikseli. Kila pikseli ina mwangaza wake. Tuchukue 0 kuwa nyeusi ti na 255 kuwa nyeupe pe.

Ukungu hutengenezwa kwa kuchanganya. Kila pikseli huchukua wastani wa majirani zake, kwa hivyo ncha kali za tarakimu hulainika, weusi wake humwagikia weupe wa pembeni, na mwishowe unabaki na doa la kijivu. Kumbuka vile wino wa kalamu husambaa daftari likilowa mvua. Ni hivyo hivyo.

Uwazi ni hadithi nyingine. Hapa majirani hawahusiki. Kuna tabaka mbili, moja juu ya nyingine, na swali ni moja tu: ya juu ina uzito kiasi gani? Uzito wa 1 maana yake huoni chochote cha chini. Uzito wa 0 maana yake tabaka ya juu ni kama haipo. Kati ya hapo, simu inachukua rangi ya juu mara uzito wake, inaongeza rangi ya chini mara kile kilichobaki. Wahandisi wetu huuita uzito huo alfa. Sisi tutaendelea kuuita uzito.

Sasa tuseme salio lako limeandikwa kwa tarakimu nyeusi, 0, kwenye ukurasa mweupe, 255. Juu yake kuna tabaka ya ukungu ambayo imekuwa kijivu cha 210 kila mahali. Uzito ukiwa 1, unaona 210 kote, yaani huoni kitu. Punguza uzito hadi nusu. Penye tarakimu utapata 105, penye weupe utapata 232 na nusu. Tofauti ni 127 na nusu, ambayo ni nusu kamili ya tofauti ya mwanzoni, na jicho lolote linaisoma vizuri kabisa. Hata uzito ukipanda hadi 0.8, tarakimu zinakuwa 168 na pembeni 219. Zimefifia, ndio, lakini anayetaka kusoma atasoma. Ukifika 0.9 bado kuna tofauti ya 25 na kitu. Macho ya jirani yako kwenye matatu huenda yasiione. Simu yake itaiona, na tutarudi kwa hilo tukifika kwenye picha za skrini.

Shika jambo hilo moja: tabaka ya ukungu iliyopunguzwa uzito inaonyesha vitu viwili kwa pamoja, doa la kijivu na tarakimu zenyewe zikiwa kali vilevile, zimekaa chini yake kama mzimu.

Kwa nini pazia letu halififishwi

Ukimpa mtu yeyote kazi ya kuondoa ukungu taratibu, wazo la kwanza litakalomjia ni kuchukua tabaka ya ukungu na kuishusha uzito kutoka 1 hadi 0. Linaonekana wazo la busara. Linaharibu mambo mara mbili.

La kwanza tumeliona kwenye hesabu: nusu ya safari nzima tarakimu ziko wazi. La pili ni kwamba kwenye iPhone mbinu hiyo haifanyi kazi inavyotarajiwa. Apple wenyewe wanawaonya watengenezaji wa apu kwamba kile kidirisha chao cha ukungu kikipewa uzito chini ya 1 kinaweza kuonekana vibaya, ama ukungu usionekane kabisa mpaka uzito urudi 1. Sababu ni kwamba ukungu ule hauna picha yake. Unakopa kilicho chini yake na kukichanganya papo hapo. Ukianza kuifanya tabaka nzima iwe nyepesi, unavuruga kule kukopa. Matokeo utayaona kwenye apu zingine: unabonyeza, ukungu unakwama kidogo, halafu unatoweka ghafla kama taa ya stima imekatwa.

Njia inayofaa ni kuuacha uzito ulivyo na kubadilisha ukungu wenyewe, yaani ule upana wa ujirani. Pikseli inayochanganya na majirani ishirini kila upande ina ukungu mzito. Ikichanganya na kumi, ukungu umepungua. Ikifika sifuri, picha ni kali. Kwenye iPhone hilo linawezekana tangu iOS 9 ya mwaka 2015, na mwaka uliofuata iOS 10 ikaleta uwezo wa kuusimamisha mwendo katikati na kuufanya ufuate kidole. Ndiyo maana ukivuta kile kisanduku cha kutuma pesa kuelekea chini polepole, ukungu wa nyuma unapungua sambamba na kidole chako, na ukikirudisha juu unarudi. Jaribu, hatutakukata ada.

Kwenye Android, mfumo ulisubiri hadi toleo la 12, mwaka 2021, ndipo watengenezaji wakapewa njia rahisi ya kuweka ukungu juu ya sehemu yoyote ya ukurasa kwa kutaja upana tu. Kwa simu za toleo la chini ya hapo tuna mpango mwingine, unakuja.

Chini ya pazia hakuna kitu

Msomaji makini ameshatukamata hapa. Kama upana wa ujirani unapungua kidogo kidogo, si kuna wakati ukungu ni mdogo kiasi kwamba tarakimu zinasomeka? Ndio, upo. Tarakimu za salio zimeandikwa kubwa, na ukungu wa pikseli nne au tano hauwezi kuzificha.

Kwa hivyo hatuutegemei ukungu kuficha salio. Unapofungua apu, tarakimu zako hazipo kwenye skrini. Kile unachokiona kikiwa na ukungu ni michirizi ya kijivu iliyochorwa tu. Salio halijaombwa hata kutoka kwenye seva yetu. Linaombwa unapobonyeza jicho. Likishafika, tunalibandika chini ya ukungu ulio mzito, ndipo tunaanza kuuondoa. Ukifunga jicho, mambo yanakwenda kinyume: ukungu unapanda, na ukishatanda tarakimu zinafutwa na michirizi inarudi.

Michirizi hiyo ina urefu mmoja kwa kila mteja. Hilo ni la makusudi. Shilingi 50 ni tarakimu mbili na shilingi 500,000 ni tarakimu sita. Ukiweka ukungu juu ya tarakimu halisi, doa la mwenye nusu milioni litakuwa refu kuliko la mwenye hamsini. Mtu aliyekaa nyuma yako hahitaji kujua shilingi zenyewe. Kujua kwamba doa ni refu kunamtosha kuamua ashuke stegi moja na wewe au la.

Kuna faida nyingine ambayo haionekani kwa macho, inasikika. Wateja wetu wasioona hutumia kisomaji cha skrini, TalkBack kwenye Android ama VoiceOver kwenye iPhone, ambacho hutamka kila kilicho ukurasani. Kisomaji hakijui habari ya ukungu. Kama tarakimu ziko chini ya pazia, kitazisoma kwa sauti, mbele ya makanga na kila abiria. Kwa kuwa chini ya pazia letu hakuna tarakimu, kinachotamkwa ni maneno mawili: salio limefichwa.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka ulinzi wa habari za mtu ujengwe ndani ya huduma tangu inapobuniwa, si kubandikwa baadaye. Kwetu sisi, hicho ni mojawapo ya vitu ambavyo sentensi hiyo ya sheria inamaanisha ikishuka hadi kwenye kioo cha simu.

Ukungu wa ukurasa wa kutuma ni wa macho yako

Huu sasa haufichi. Umewekwa ili uache kuangalia vitu vingine.

Kutuma pesa kwa nambari isiyo yake ni jambo linalouma. Tarakimu moja imeteleza, umeandika 3 badala ya 2, na pesa ya karo imefika kwa mtu wa Kitale usiyemjua. Akishaitoa kwa wakala, kuirudisha ni safari ndefu yenye kupiga simu, kuandika, kusubiri na kuomba. Kinga iliyo rahisi kuliko zote ni jina. Ukurasa wa kuthibitisha unakuonyesha jina la aliyesajili ile nambari kabla pesa haijaondoka. Lakini jina linasaidia tu likisomwa, na sisi sote tunajua vile kidole hukimbia mbele ya macho, hasa foleni ikiwa ndefu nyuma yako na mhudumu wa kaunta anakuangalia.

Hapo ndipo mwendo wa ukungu unafanya kazi yake. Kitu kinachosogea huvuta jicho kabla hujaamua kuangalia. Ukurasa wa nyuma unapolainika kwa robo ya sekunde, kitu pekee kinachobaki na ncha kali kwenye skrini ni kisanduku, na ndani ya kisanduku kilichoandikwa kwa herufi kubwa ni jina. Na katika ile robo ya sekunde, kitufe cha kuthibitisha hakiitikii kidole. Hakuna aliye na haraka atakayekosa usingizi kwa robo ya sekunde, lakini mtu aliyebonyeza mara mbili kwa mazoea hatajikuta amethibitisha kitu ambacho hakukiona.

Ungeweza kuuliza, kwa nini tusifungue ukurasa mpya kabisa? Kwa sababu ukurasa mpya unakutoa pale ulipokuwa. Ukungu unakuambia ulikotoka bado kupo, nyuma kidogo, na unaweza kurudi. Tumegundua kwamba mtu anayeona njia ya kurudi hasiti kurudi pale jina linapokuwa geni. Anayedhani amefika mwisho wa barabara huendelea mbele tu.

Wapo wateja ambao mwendo wa skrini huwasumbua, wengine hata kizunguzungu wanapata. Kama umeweka simu yako ipunguze uwazi au iondoe mwendo, katika sehemu ya mipangilio inayohusu ufikivu, apu yetu inafuata: badala ya ukungu utaona ukurasa wa nyuma umefunikwa kwa rangi moja, bila kusogea. Jina liko palepale.

Na simu ya elfu nane je?

Tulisema tutarudi kwa simu za chini ya Android 12. Tuanze na bei ya ukungu, maana ukungu una bei, na analipa ni betri yako.

Skrini nyingi za simu za bei nafuu zina pikseli 720 kwa 1,600. Hizo ni 1,152,000. Tukitaka kila pikseli ichanganye na majirani ishirini kila upande, inaangalia mraba wa 41 kwa 41, yaani pikseli 1,681. Zidisha. Unapata zaidi ya bilioni 1.9, na hiyo ni picha moja. Skrini ya kawaida huchora picha 60 kwa sekunde, kwa hivyo mwendo wa robo sekunde unahitaji picha 15, kila moja ikiwa na milisekunde 16 na kitu kukamilika. Ikichelewa, mwendo unakwaruza na simu inaanza kupata joto mkononi.

Bahati nzuri kuna ujanja. Ukichanganya kwanza kwa mlalo, halafu kwa wima, matokeo ni yale yale na kila pikseli inaangalia majirani 82 badala ya 1,681. Tumeshuka hadi milioni 94. Kisha, kwa kuwa picha inakwenda kuharibiwa kwa ukungu hata hivyo, ipunguze kwanza hadi robo ya upana na robo ya urefu. Zinabaki pikseli 72,000, na ukungu wa majirani watano kwenye picha ndogo unaonekana kama wa ishirini kwenye kubwa. Hesabu sasa ni kama milioni moja na nusu. Kutoka bilioni 1.9! Hata mama mboga hapunguzi bei namna hiyo.

Hata baada ya ujanja huo, hatuuweki ukungu kwenye simu za zamani wala zile zenye kumbukumbu ndogo. Na hata kwenye simu mpya, Android inaweza kuzima ukungu wa madirisha simu ikiingia katika hali ya kuokoa betri. Katika hali zote hizo tunatandaza tabaka nyeusi yenye uzito wa 0.6, na hapa uzito ndio tunaupandisha na kuushusha, kawaida kabisa. Utasema si tumetoka kukataza hilo? Tulikataza kutegemea uzito kuficha siri. Nyuma ya tabaka hii hakuna siri. Salio limeshabadilishwa kuwa michirizi. Tabaka hiyo ina kazi moja ya kuelekeza macho, na giza linaiweza hiyo kazi bila kuchoma betri.

Pale ambapo hakuna mwendo kabisa

Unapobonyeza kitufe cha kurudi nyumbani, iPhone huipiga picha apu unayoiacha. Picha hiyo ndiyo unayoiona kwenye orodha ya apu zilizo wazi. Mfumo hauulizi kama uko tayari. Mtengenezaji anapewa muda mfupi sana wa kuficha kilicho nyeti kabla picha haijachukuliwa, na mwendo mzuri wa robo sekunde unaweza kupigwa picha ukiwa haujaanza. Kwa hivyo apu yetu haifanyi madaha. Inabandika karatasi yenye nembo, uzito 1, mara moja, bila ukungu na bila kufifia.

Kwenye Android tunauambia mfumo kwamba kurasa za salio na PIN haziruhusiwi kupigwa picha, na mfumo wenyewe unaweka utupu mahali pake. Ndiyo maana ukijaribu kupiga picha ya skrini kwenye kurasa hizo simu inakataa. Sio hitilafu. Ni ukurasa wa risiti pekee tulioacha wazi, kwa sababu tunajua muuzaji anataka ushahidi kabla hajakukabidhi mzigo.

Fikiria unampelekea fundi simu abadilishe kioo, na simu inabidi iwe imefunguliwa ili aijaribu. Orodha ya apu zilizo wazi iko mbali naye kwa kidole kimoja tu.

Picha ya risiti na ile kalamu nyeusi

Sasa turudi kwa rafiki yetu wa grupu. Risiti ina jina, kiasi, tarehe, nambari ya muamala na sehemu ya nambari ya simu. Mtu mwenye nia mbaya akiipata, anakupigia akijifanya mhudumu wa wateja, anakutajia muamala wako wa jana hadi shilingi ya mwisho, na unaanza kumwamini. Ulaghai mwingi unaanzia hapo, kwa kitu cha kweli ambacho alikipata bure.

Kwa hivyo unafuta kabla ya kutuma. Vizuri. Lakini unafuta na nini? Simu nyingi zina zana ya kuchorea juu ya picha, na mojawapo ni kalamu pana ya kuwekea alama. Ukichagua rangi nyeusi na kupitisha mara mbili tatu, nambari inatoweka. Shida ni kwamba kalamu hiyo ina uwazi. Kila ukipitisha unaongeza uzito, lakini uzito haufiki 1. Unaikumbuka ile tofauti ya 25 iliyobaki kwenye uzito wa 0.9? Mpokeaji akipandisha mwangaza na utofautishaji wa picha kwa zana zilizo kwenye simu yake mwenyewe, tofauti hiyo ndogo inakuzwa na nambari inajitokeza tena. Haihitaji mtaalamu. Inahitaji kijana mwenye dakika mbili na nia.

Brashi ya ukungu nayo ina udhaifu wake. Kuna tarakimu kumi tu duniani. Mtu anaweza kuandika kila moja kwa maandishi yale yale ya risiti, akaiwekea ukungu ule ule, akalinganisha madoa. Doa la 1 ni jembamba, la 8 limejaa, la 7 ni zito juu na jepesi chini. Na kama umeficha tarakimu tatu tu za mwisho za nambari ya simu, kilichobaki kukisiwa ni nambari 1,000, hata bila kuangalia doa.

Njia salama ni kukata. Tumia zana ya kupunguza picha na ubakishe kile anayekudai anahitaji kuona. Kama sehemu nyeti iko katikati na haikatiki, weka umbo la mraba lililojazwa rangi kabisa, sio kalamu, halafu tuma picha hiyo iliyohifadhiwa upya. Muuzaji anayesisitiza aone kila kitu anaweza kuangalia simu yake mwenyewe. Pesa ikimfikia, ujumbe wake anao.

Pazia la mtu mwingine

Bado jambo moja, na hili linawahusu wa Android. Uwazi tuliouongelea ni wetu, ndani ya apu yetu. Lakini Android huruhusu apu moja kuonyesha kitu juu ya apu nyingine, ukiipa ruhusa. Vile viputo vya mazungumzo vinavyoelea, na apu za kupunguza mwanga wa skrini usiku, hutumia ruhusa hiyo. Wezi nao huitumia: wanatandaza dirisha juu ya ukurasa halali, unaona kitufe cha mchezo au cha kupokea zawadi, kidole chako kinapenya na kubonyeza kitu kingine kilicho chini.

Tangu Android 12, mfumo unazuia mguso usipenye dirisha la apu ngeni ikiwa uzito wake umezidi 0.8. Dirisha jepesi zaidi bado linapitisha mguso. Sisi tumeamua kutosubiri mfumo. Kwenye ukurasa wa PIN na wa kuthibitisha, kama kuna dirisha lolote la apu nyingine juu ya pale unapobonyeza, tunakataa mguso.

Kwa hivyo ikitokea umebonyeza kitufe cha kuthibitisha na hakuna kinachotendeka, usibonyeze kwa hasira. Angalia kama kuna kiputo cha mazungumzo kinachoelea, ukifunge. Angalia kama umewasha apu ya mwanga wa usiku, uizime kwanza. Kikiitikia, umepata jibu. Kisipoitikia na huoni kitu chochote juu ya skrini, fungua mipangilio ya simu, tafuta sehemu ya apu, kisha orodha ya zile zenye ruhusa ya kuonyesha juu ya apu nyingine. Ukikuta humo apu ya mkopo, ya tochi au ya mchezo ambayo hukumbuki kuipa ruhusa hiyo, iondolee ruhusa, iondoe kwenye simu, badilisha PIN yako, halafu utuandikie kupitia sehemu ya Msaada ndani ya apu. Utuambie jina la apu hiyo na siku uliyoiweka. PIN usituambie, hakuna mhudumu wetu atakayekuuliza.